Motokari Nyeupe ao Nyekundu

Jumatatu, 1 septemba

Nimefua robe, magauni ya arusi, tangu asubuhi. Ile ya mikono mirefu imerudi na doa la mawese kifuani, kama kila mara. Watu wanakula mboga ya pondu na robe ya kukodi kama vile mwenye robe amekufa. Mutoto wangu Salima amelala mugongoni, amenilowesha. Bon.

Saa sita bwana yangu Idi alitoka bandarini mbio, hata kofia ameacha kazini. Motokari mbili za spor zimeshuka na mashua ya Kinshasa. Milango mbili-mbili. Aina moja, umri mumoja. Nyeupe ni ile ya kawaida. Nyekundu ni full option, iko na kila kitu.

Nilibaki na sabuni mikononi. Ninangojea kitu hii tangu nianze kukodisha robe. Bibi arusi wa hapa Mangobo anavaa robe yangu, anapendeza, halafu anapandishwa katika jeep inayonuka samaki ya tonton fulani, mujomba ao baba mudogo. Mimi nataka kumukodishia robe na motokari pamoja. Na nimuendeshe mimi mwenyewe. Papa aliendesha lori la mizigo ya Bengamisa, alinifundisha vitesi, zile gia, kabla hata sijajua kupika vizuri. Shamba lake limeuzwa, tumegawana. Sehemu yangu iko.

Idi anajua. Sasa nyumba yote inajua. Hapo njo pabaya.

Jumanne, 2 septemba

Tumeenda kuziona. Muuzaji anaongea na Idi tu. Mimi nauliza, anamujibu Idi. «Papa, hii iko full option! Hii ukipita, hata polisi anakupigia saluti.»

Nyekundu: vitesi zinajibadilisha zenyewe. Viti vya ngozi nyeusi vinavyokukumbatia mbavu. Janti kubwa za matairi zinang'aa. Muziki mpaka kwenye mifupa. Imelala chini kama paka anayewinda.

Nyeupe: viti vya kitambaa. Vioo vya kuzungusha na mukono. Vitesi za kubadilisha mwenyewe. Janti ndogo. Imesimama juu kidogo. Kiti cha nyuma kinatosha mutoto na mutu wa kumushika.

Nisijidanganye. Roho yangu ilienda kwa nyekundu. Nilijiona ndani yake, na miwani. Salima aliipiga kofi na mukono wa biskuti, muuzaji akapangusa kabla mutoto hajaondoa mukono.

Pesa yangu inafika kwa nyeupe. Kwa nyekundu haifiki.

Alhamisi, 4 septemba

Yaya Ramazani, kaka mukubwa wa Idi, amekuja kula. Lituma ya ndizi, sahani mbili. Akasema pesa inayopungua kwa nyekundu ataongeza yeye. Ataendesha yeye. «Wewe shemeji utafunga riboni. Mukono yako iko muzuri kwa riboni.»

Idi alitazama sahani yake kama imeandikwa kitu.

Nilivuta sufuria ya lituma upande wangu, nikaifunika.

Ijumaa, 5 septemba

Nimekasirika leo kuliko jana. Nimeelewa sasa. Yaya anajua kuendesha ile ya kujibadilisha tu, kama ya bosi wake. Nyekundu ndiyo anayoweza. Akiweka pesa yake ndani, ataweka na matako yake ndani. Mimi nitabaki kando ya barabara na mukasi na riboni, katika kazi niliyoiota mwenyewe.

Nimemuambia Idi. Amesema, ni yaya wangu.

Na mimi ni nani? Ameenda kuoga.

Jumapili, 7 septemba

Leo nimemuvalisha bibi arusi mumoja robe, amesimama juu ya tofali ya simenti nyuma ya nyumba. Nikamuambia akae. Hakujua akae namna gani. Nikafikiri: hao wanaume wote wameuliza juu ya muziki, janti, vitesi. Hakuna aliyeuliza juu ya kukaa.

Na kushuka, njo mambo yenyewe. Bibi arusi akifika, mama wadogo wa bwana wanatandika vikwembe, zile nguo za kujifunga, kuanzia motokari mpaka mulangoni. Muguu wake wa kwanza ukanyage kikwembe. Ukikanyaga udongo, watasema mpaka mutoto wake wa kwanza aote meno. Akianguka, watasema mpaka mutoto huyo aoe.

Sasa najua nitakachofanya. Ni aibu kidogo. Nitafanya.

Jumatatu, 8 septemba

Nimemupeleka Béa kwa muuzaji. Béa njo anayeshona na mimi, ni mwanamuke mukubwa, mabibi arusi wawili ndani ya mumoja. Nilimuvalisha robe pana kuliko zote, mchana kweupe. Tukapanda moto, pikipiki ya kukodi, yeye nyuma, pindo limenifunika kichwa, Salima katikati anacheka.

Mangobo yote ilitoka. Kijana mumoja wa toleka, baiskeli ya kubeba watu, alisimamisha kinga yake. «Mama, bwana iko wapi?» Béa: «Namutafuta! Wewe umeoa?» Kijana akakimbia na kinga yake.

Nyekundu kwanza. Béa aliingia kama mutu anayeanguka kisimani. Kile kiti kikamushika mbavu. Kutoka? Hakuna. Alivuta muguu mumoja, robe ikabaki. Akavuta robe, muguu ukabaki. Mimi nikavuta mikono miwili. Alitoka kwa magoti. Kwenye udongo.

Nyeupe. Akakaa. Akaweka miguu pamoja nje. Akasimama. Kwisha.

Muuzaji alisema watu wanatazama motokari, hawatazami kiti. Béa akamujibu, papa, watu wanatazama matako ya bibi arusi yakishindwa kutoka.

Wakati wa kuirudisha mahali pake, nyekundu ilikwaruza tumbo kwenye jiwe la mulango. Jiwe dogo. Na barabara zetu je?

Bado ni nzuri. Hata vile nilipokuwa naikataa niliitazama mara ya mwisho. Kuna wanaume wa namna hiyo.

Jumatano, 10 septemba

Yaya amepeleka pesa ya kuanzia kwa muuzaji. Kwa nyekundu. Kwa jina la Idi. Na ameshaahidi familia moja yenye arusi tarehe 20 kwamba nyekundu inakuja. Sehemu yangu tu inangojewa. Wamenipangia mpaka pesa yangu.

Idi alijua tangu jana.

Nilimuchukia kuanzia saa sita mpaka nilipomunyonyesha Salima. Halafu nikawa na huzuni, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu haina nguvu. Nikaikataa huzuni. Nikarudi kwenye hasira. Nalala nayo.

Alhamisi, 11 septemba

Nimeinunua. Nyeupe. Naandika tena: nimeinunua.

Nilienda peke yangu na Salima mugongoni. Leo muuzaji alilazimika kuongea na mimi, hakukuwa na mutu mwingine. «Na bwana?» Nikasema bwana iko kazini, pesa iko hapa. Akasema tungojee bwana. Nikasema sawa, tungojee. Nikakaa kwenye kiti yake, kile cha kuzunguka, mbele ya wateja wake, nikatoa ziwa nikamunyonyesha mutoto. Ziwa la kushoto. Halafu la kulia. Halafu nikauliza kama kuna chai.

Risiti akaiandika kwa jina langu. Haraka.

Nilimufunga Salima nyuma na vikwembe viwili. Muguu wa kushoto kwenye ambreyaje, pedali ya klachi, nikaachilia polepole kama Papa alivyosema, kama unamulaza mutoto usitake aamke. Ikaenda. Watu wa kinga walipiga kelele, madereva wa moto walinipisha kisha wakanitukana, nikacheka. Shimo kubwa la avenue yetu, lile lenye maji muda wote: nilipita. Haikugusa tumbo.

 

Ijumaa, 12 septemba

Yaya amekuja. Alipiga kelele mulangoni ili avenue isikie. Avenue ilisikia. Alisema nimemuaibisha, nimenunua kikopo, mwanamuke mwenye akili hawezi kuacha ngozi akachukua kitambaa.

Halafu alitaka funguo. Nikampa. Kwa roho safi kabisa, nikampa.

Ikazimika. Akawasha. Ikazimika. Akawasha tena, ikaruka kama chura, ikapita kwenye kamba yangu ya nguo, ikasimama na robe mubichi mbele ya kioo, Yaya haoni kitu. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Salima naye akapiga makofi, hajui kwa nini.

Alitoka akasema motokari ni mbovu.

Ile familia ya tarehe 20 ameiambia nyekundu haiji, iko nyeupe tu. Wamekataa. Wanataka nyekundu ao hakuna. Na robe yangu waliyoagiza, wameikataa pia.

Idi haongei na mimi. Nampa chakula, anasema aksanti kama mugeni.

Jumapili, 14 septemba

Hakuna mteja. Motokari iko chini ya turubai, kuku wanalala chini yake. Mama Furaha jirani ameniuliza kama nimeinunua kwa ajili ya kuku.

Sijutii. Nimejiuliza vizuri, leo, kwa utulivu, wakati wa kupepeta muchele. Sijutii. Naogopa, lakini sijutii. Ni vitu viwili.

Jumatano, 17 septemba

Bibi arusi mwenyewe amekuja! Wa ile familia ya tarehe 20. Anaitwa Christelle. Peke yake, bila mama, bila shangazi. Amesikia habari ya Béa na kile kiti, kwa sababu muji wote umesikia. Akafungua kikwembe kidogo, akanionyesha tumbo. Miezi mitano. «Wanajua wote,» amesema, «lakini hawataki nishuke kama gunia.»

Alikaa kwenye nyeupe. Akashuka. Akakaa tena. Akashuka. Halafu akaanza kulia, nami nikalia, hatukuwa na sababu nzuri.

Atapanda nyeupe, amesema, familia ataiambia mwenyewe. Robe nitaifungua mishono ya pembeni.

Jumamosi, 20 septemba

Mvua asubuhi. Udongo wote umekuwa uji. Riboni nyeupe na za bluu, nimefunga mwenyewe, ndiyo, mukono yangu iko muzuri kwa riboni.

Tonton wa bwana arusi alikuja kwenye kioo changu. Aliuliza chauffeur iko wapi. Nikasema ni mimi, tonton. Alitazama nyuma yangu kutafuta mwanaume, akamukuta Béa na Salima, Salima ana kipande cha chikwangue ya muhogo mudomoni. Akasema mwanamuke hawezi kumupeleka bibi arusi, haijaonekana. Christelle alikuwa ameshakaa kando yangu. Alisema, «Basi ionekane leo, tonton. Ao utanibeba mugongoni?»

Tukaenda. Honi nyuma, honi mbele, moto pande zote. Shimo la kwanza, la pili. Vitesi ya kwanza kwenye matope, taratibu. Huko mbele jeep ya familia ilikwama, wanaume wakashuka na viatu vyao vya arusi kusukuma. Mimi nikapita kando. Sikupiga honi. Nilitaka sana kupiga honi.

Mama wadogo walikuwa wametandika vikwembe juu ya matope. Nilisimama karibu, karibu sana. Christelle aliweka miguu miwili pamoja. Akasimama. Vigelegele vikapasuka. Hakuna aliyetazama kiti. Walimutazama yeye.

Yaya alikuwa huko, amealikwa. Alikula. Alinitazama mara moja, akarudi kwenye nyama yake.

Wawili wameniuliza kama mwezi wa kumi niko na nafasi.

Jumapili, 21 septemba

Jua kidogo. Naosha matope kwenye matairi. Salima anaosha pamoja na mimi, yaani anakunywa maji ya ndoo.

Idi alitoka nyumbani, akasimama. Akachukua kitambaa, akapangusa mulango uliokuwa umeshapanguswa. Kisha aliniuliza, sauti ndogo, kama ninaweza kumuonyesha ule muguu wa kushoto.

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa nayo tayari tangu tarehe 10. Nikamuambia apande.

Nimekaa upande ule mwingine, mutoto mapajani. Nikaweka mukono wangu juu ya wake, pale kwenye vitesi. Ikazimika. Ikazimika tena. Sikucheka. Nikamuambia, polepole, Idi. Achilia polepole.