Mishono ya Chevelle

Jumamosi, 7 Septemba 2019

Imewaka! Leo asubuhi, hapa hapa gereji kwetu Missouri City, Texas. Melkiori, mume wangu, kageuza ufunguo, gari likakohoa, likakohoa tena, kisha likanguruma mpaka jirani akatoka na kikombe chake cha kahawa mkononi. Chevelle ya mwaka 1970! Tuliitoa shambani kwa mzee mmoja kule Rosenberg, nyigu wamejenga ndani, sakafu imeliwa na kutu, ukikaa unaona majani.

Injini yote kaifungua na kuifunga mume wangu mwenyewe. Mhasibu wa watu, huyo! Nilimwangalia grisi imemfika kwenye nyusi, anacheka peke yake. Nikampenda upya.

Bodi ni yangu. Macho yake hayavumilii ule mwanga wa kuchomelea, na mkono wake una haraka. Mimi kutwa natengeneza meno bandia kwenye maabara pale Stafford, vyuma vidogo kama punje ya mchele. Nikasoma kuchomelea chuoni, nikashika mashine. Sakafu, vizingiti, mabati ya ubavuni — kila mshono ni wangu.

Jumapili, 15 Septemba

Kigen, rafiki wa Melkiori, kaja baada ya ibada na Mustang yake mpya. Mpya kwa maana ya kujengwa upya — ni ya 1967. Kaijengesha kwa Mkenya mwenzake, Nderitu, mwenye gereji kubwa Fort Worth.

Jamani, gari! Rangi ya zambarau iliyoiva, ukiinama unajiona mpaka kope. Mlango huubamizi, unausindikiza tu, unajifunga wenyewe. Nilizunguka nikitafuta kosa. Sikuliona. Melkiori naye kazunguka, mikono nyuma, kama mtu anayeaga maiti.

Kigen akageukia Chevelle yetu, bado ya kijivu, haijapigwa rangi. Akauliza bodi tulifanyishia wapi.

"Nimefanya mwenyewe," Melkiori akajibu. "Kila kitu."

Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Nikawamiminia.

Jumanne, 17 Septemba

Sijamwuliza. Naye hajagusia. Nimepiga msasa mlango wa kushoto kwa hasira — umetoka laini kuliko wa kulia!

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ndefu. Niandike kabla haijanitoka.

Melkiori anataka rangi ipigwe na Nderitu. Sawa. Tukapanda nayo Fort Worth. Mitetemo, joto la injini miguuni, kelele — lakini kila tulipopita watu walipiga honi na kuinua dole gumba. Karibu na Huntsville dereva wa lori alipunguza mwendo ili tu atutazame. Mume wangu alikaa kwenye usukani kama bwana harusi.

Gereji ya Nderitu ni safi kuliko maabara yetu. Kila fundi na kazi yake: huyu milango tu, yule nyaya tu. Hakuna anayekimbia. Nilisimama pale nikatamani.

Nderitu ni mtu mwembamba, hana maneno mengi. Akainua Chevelle juu, akaingia chini na tochi. Akakaa huko. Melkiori akaanza kueleza kwamba ni kazi ya nyumbani, tusamehewe. Nderitu akatoka.

"Gari za nyumbani huletwa hapa, nakata karibu zote naanza upya," akasema. "Hii sikati kitu. Hizi welding ni za nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Kweli sikujua Melkiori atasema nini.

"Injini ni yangu," Melkiori akasema. Kisha polepole, "Bodi yote kafanya mke wangu. Nimekuwa nikiwaambia watu ni mimi."

Nderitu hakucheka. Alinigeukia. "Madam, mkono wako umetulia sana. Fundi wangu wa kuweld anahamia Arizona. Kuja ufanye na sisi Jumamosi moja, tuone."

Mimi! Nikasema nitakuja, kabla akili haijanifikia.

Chevelle tuliiacha ipigwe rangi, tukarudi na gari la kukodi. Tulipopita Corsicana, Melkiori akapunguza mwendo. "Ni wivu, Mama Natalia," akasema. "Bodi kila mtu anaiona. Injini mpaka ufungue boneti."

Sikumrahisishia. Nilimwambia yeye ndiye atakayemweleza Kigen, si mimi.

"Nitamweleza."

Jumatatu, 14 Oktoba

Kigen kapiga simu, anapiga kelele. "Shemeji! Kumbe fundi ni wewe, na mimi nampigia mzee makofi!" Basi kamweleza kweli. Jioni nimempikia Melkiori mtori wa ndizi. Hajauliza ni wa nini. Kala mabakuli mawili.

Jumamosi, 19 Oktoba

Fort Worth. Mapumziko ya mchana, naandika nimekaa juu ya ndoo.

Wamenipa ubavu wa gari la mteja, Charger. Mshono wa kwanza nilikwenda polepole, kisha nikasahau niko wapi. Nderitu kapitisha kidole, kaguna, kaniletea bati jingine. Nadhani ni sifa hiyo.

Hapa wakikosea wanakata, wanaweka jipya. Sisi nyumbani tulikosea, tukalala na kosa, tukaamka nalo, tukalirekebisha wenyewe. Kazi yao inapendeza kuliko yetu, nakiri. Lakini Chevelle ile naijua kama mwanangu. Nikifanya kazi hapa sitajua hata gari limekwenda kwa nani. Na maabara je? Na nyumba? Toka kwetu mpaka hapa ni kusafiri, si kwenda kazini. Nderitu anataka jibu leo, kama nachukua nafasi ya fundi wake.

Melkiori ndiye kanileta. Alikaa nje kwenye gari, kajifanya ana simu nyingi. Baadaye kaingia. Fundi mmoja alikuwa anahangaika na injini inayogonga. Melkiori akainamisha kichwa, akasikiliza, akamnong'oneza kitu. Yule akakaza mahali, injini ikatulia. Uso wa mume wangu wakati ule! Sikuwahi kuuona ofisini kwake.

Sasa hivi kanijia hapa kwenye ndoo. Kaniuliza, kama mtoto, eti nadhani Nderitu anahitaji mtu wa injini?

Nimemwambia akaulize mwenyewe.

Amesimama mbele ya mlango wa ofisi. Anajifuta mikono kwenye suruali yake nzuri. Kainua ngumi abishe hodi — kaishusha. Ananitazama. Kaiinua tena —