Nani Atoe Jina la Asteroidi Yangu?

Jumatatu. Joto, mawingu mazito, na mvua imekataa kunyesha.

Sauti moja haijanitoka kichwani tangu jana: msonyo wa shangazi. Mrefu, mkavu, kama kitambaa kinachopasuliwa. Aliutoa mbele ya familia nzima, na ulikuwa wangu.

Nieleze. Nilipokuwa sekondari nilijiunga na vijana wanaotafuta asteroidi kwa mtandao. Tunapewa picha kadhaa za kipande kimoja cha anga, zilizopigwa na darubini za mbali, nasi tunazilinganisha kwenye kompyuta. Nyota hubaki palepale. Kinachosogea ndicho tunachotafuta. Mimi nilikipata kimoja: jiwe dogo linalozunguka jua upande wa ndani wa ukanda wa asteroidi, ule ulio karibu na Mirihi. Miaka imepita, njia yake imethibitishwa, limepewa namba, na sasa nimeruhusiwa kulipendekezea jina. Liwe fupi, na lisiwe tangazo la biashara.

Kosa langu ni kuwaambia nyumbani.

Papa alimwita kaka yake mkubwa papo hapo. Kwa upande wao jina la mtoto hutoka kwa baba na ndugu zake. Mama hubeba mimba, hujifungua, kisha hungoja kuambiwa amemzaa nani. Hakuna aliyejiuliza kama jiwe ni mtoto. Jana baada ya ibada wakaja wote hapa kwetu mtaani Kampemba, wakaketi sebuleni, wakavua viatu.

Baba mukubwa, huyo kaka yake Papa, mwenye malori yanayolala mpakani Kasumbalesa, alianza kwa swali lake mwenyewe.

"Iko na cobalt?"

"Hapana, Baba mukubwa. Ni jiwe la kawaida, lenye chuma kidogo."

"Ata cuivre?"

"Hata cuivre. Hakuna shaba."

"Ah! Mutoto anasoma miaka yote hii, anaenda kuokota jiwe ya bure!"

Wakacheka. Papa naye akacheka. Hapo niliumia.

Lakini jiwe hilo la bure walilipigania mpaka jua likashuka. Baba mukubwa alitaka jina lililoandikwa mbele ya malori yake. Nikamsomea sheria. Basi liwe la babu, pamoja na majina yake yote ya sifa. Nikasema ni refu mno, tuchague moja. "Mzee hatuwezi kumukata vipande," akajibu, na Papa akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo shangazi akaingilia: "Mi njo baba yako mwanamuke. Weka jina yangu, tumalize, tukule."

Nikamwambia kwa adabu kwamba kuwa baba wa kike, yaani dada yake Papa, si sababu ya kutosha.

Ndiyo, ule msonyo.

Nimechoka nao. Si kwamba nawachukia. Ila karibu kila kitu nilicho nacho nilipewa kikiwa kimeshaamuliwa. Hata jina langu Baba mukubwa alilitoa kwa simu, akiwa amekwama kwenye foleni ya malori. Ile nukta iliyosogea niliiona mimi, peke yangu. Je, ni ubinafsi kutaka kitu kimoja tu?

Asubuhi tulibaki wawili, mimi na Mama. Jana alikuwa akipita tu na sahani; hakuna aliyemuuliza neno. Alikuwa akichambua majani ya lengalenga kwa mboga. Nikamuuliza, kwa hasira zaidi kuliko kwa kutaka kujua: kama wangekuacha utoe jina kwa mmoja wetu, ungetoa lipi?

Hakuningoja nimalize swali.

"Mwape."

Mwape ni bibi yake wa Sakania, mama wa mama yake, aliyemlea. Mama amezaa watoto watano. Kila mara alikuwa na jina hilo tayari, na kila mara walikuja kumwambia jingine.

"Nilikuwa najiambiaka, labda huyu," akasema, akacheka kidogo.

Mimi sikucheka. Nimeishi naye maisha yangu yote, na nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Akaniangalia usoni, mimi binti yake, akaacha majani. "Aa-aa, mama. Usinitafutie maneno na famille ya papa yako. Batasema mi njo nilikufundisha."

"Watasema hivyo hata nikiandika jina la shangazi," nikamwambia.

Mchana Baba mukubwa alipiga simu. Nisitume kitu. Familia itakaa tena Jumapili, na safari hii ataleta wazee wengine wawili wanaoyajua majina ya babu vizuri.

"Ndiyo, Baba mukubwa. Karibuni."

Sikumdanganya, waje. Wanaosimamia majina ya asteroidi wanaweza kulikataa nililopendekeza, na wakilikataa sitapeleka jingine, jiwe libaki na namba yake. Lakini simu yake ilipolia nilikuwa nimeshatuma: Mwape. Pale wanapotaka sababu niliandika kwamba ni jina ambalo mama yangu aliwawekea watoto watano, na hakuna aliyempokelea.

Papa nimemwambia jioni hii. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na hakuondoka.