Karanga Nilizozifukua Mapema

Mjukuu wangu Bhoke,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kemambo tu wazima, na ng'ombe mweusi amezaa. Unaniuliza nilisubirije mambo nilipokuwa kijana, maana majibu ya mtihani yanakunyima usingizi. Sikusubiri, mama.

Miaka ya hamsini, nikiwa nimeolewa juzijuzi, nilipanda karanga nyuma ya nyumba. Kila asubuhi nilifukua shina nione, kisha nalifukia. Yote yakanyauka. Kwetu mama mkwe ndiye huonja kwanza mavuno mapya. Nikampelekea zile changa, zimejaa maji. Akatafuna mbele ya wote, akasema, "Zimekomaa. Kuleni."

Leo asubuhi nimefukua tena viazi. Bado.

Majibu yako yakitoka, hata yakiwa machanga, niletee mimi kwanza.

Bibi yako