Isale ya Kupeleka Uhamiaji

Jumanne, 8 Septemba 1998

Mama amerudi kutoka halmashauri bila leseni. Alikuwa amevaa gauni la Pasaka. Anataka kufungua kibanda cha mitumba pale soko la Mkuu, mji wetu mdogo – siku hizi kila mtu anauza, kwa nini yeye asiuze? Karani aliuliza jina, akaandika. Akauliza umri, akaandika. Akauliza alizaliwa wapi. Mama akajibu Taveta, ng'ambo ya mpaka, Kenya, tena kwa sauti, kama mtu yeyote anavyotaja kwao. Karani akaweka kalamu chini.

Sasa anatakiwa aende Uhamiaji, Moshi mjini. Baba yuko mlimani na watalii wa Kijerumani, anawapikia. Mama amesema atakwenda na mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayesoma. Mimi! Ambaye darasani nikiulizwa swali najibia ndani ya kola ya sweta.

Alhamisi, 10 Septemba

Afisa ni mtu wa Tabora. Mpole, ana mafua. Nilidhani nitaogopa sura yake, kumbe maswali.

Aliolewa lini? 1979. Ndoa ya kanisani au ya bomani? Ya kimila, Mama akasema: mbege ilipelekwa, mbuzi akapelekwa, wazee wa pande zote mbili wakanywa wakaridhika. Ya kanisani waliahirisha, halafu nikazaliwa mimi, halafu ikawa hivyo hivyo. Katika hayo yote afisa aliandika neno moja.

Kisha akauliza mara ya mwisho aliingia nchini lini, na kwa kupitia wapi. Nilijua kabla Mama hajafungua mdomo. Nilitaka kumkanyaga mguu. Sikuthubutu. Mama hajui kumdanganya mtu anayeandika. Akasema Jumamosi iliyopita, akitoka soko la Taveta, kwa njia ya shamba letu la chini, pale penye bikoni, ile nguzo nyeupe ya mpaka. Afisa akauliza amepita hivyo mara ngapi. Mama akalishangaa swali.

"Kila Jumamosi," akasema. "Tangu niolewe."

Afisa akapenga kamasi, akatueleza polepole kama mwalimu. Kuolewa na Mtanzania peke yake hakumfanyi mtu kuwa Mtanzania. Mke anaweza kuomba, ndiyo, ila kwanza awe anaishi hapa kwa kibali, na mume aje mwenyewe, na ndoa yao ithibitishwe na ofisi ya kata. Kuishi miaka mingi si kibali. Na kila Jumamosi ile ilikuwa ni kuingia nchini bila ruhusa.

Nikajikaza nikauliza, na mimi je? Sauti ilitoka kama ya paka. Akatabasamu.

"Wewe ni wa baba yako, kwa hiyo wewe ni wetu. Mama bado."

Hajamfukuza. Amefungua jalada. Mpaka liamuliwe, Mama aripoti kila Jumatatu asubuhi, na asivuke mpaka hata mara moja. Akivuka, ombi limekufa, na akirudi atakuwa ameingia kinyume cha sheria naye akijua.

Tulipanda basi la kurudi. Tulipofika Himo akaniuliza kama ina maana alikuwa akifanya kosa kila alipokwenda kumwona mama yake. Nilijifanya nasoma kibao cha duka.

Jumatatu, 14 Septemba

Tumeripoti. Jina, sahihi, basi. Nimekosa jaribio la Kemia.

Jumamosi, 19 Septemba

Siku ya soko Taveta. Mama hakwenda. Mikungu ya ndizi aliyokwisha kuikata inaiva ukumbini, nyuki wamejaa. Tangu asubuhi anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Ukisimama nyuma ya migomba yetu unaona kule chini kote, mabati ya Taveta yanameremeta. Chini ya bati mojawapo anakaa Bibi, mama yake Mama. Hajui kwa nini leo bintiye hakutokea.

Baba alishuka mlimani Jumatano, akalala, jana akapandishwa tena na wageni wengine. Ameapa kwamba mwanzoni mwa Oktoba atakwenda ofisini mwenyewe.

Jioni baba mdogo Denis alikuja kunywa mbege kwa Bibi Dominika, mama yake Baba, ambaye nyumba yake iko kwenye kihamba hiki hiki, shamba la ukoo. Akamwita Mama "Balozi wa Kenya". Akauliza kama yule beberu wetu naye ana viza, maana alitoka Taveta. Mama alicheka kidogo. Bibi Dominika hakucheka. Alimwambia Denis kwamba siku Mama anaolewa ni yeye mwenyewe, Dominika, aliyempokea mlangoni, Denis akiwa hajaota hata ndevu moja, na ofisi haikuwepo siku hiyo.

Denis akainamia mbege. Kibuyu cha kunywea kikampa kazi.

Jumatatu, 21 Septemba

Tumeripoti tena. Afisa kaniuliza nasoma kidato gani. Nikasema cha tatu. Aliuliza somo ninalolipenda na nikasahau masomo yote.

Ijumaa, 25 Septemba

Bibi wa Taveta amefariki.

Binamu yangu Davis alikuja na habari, ameacha baiskeli shamba la chini, amepanda kwa miguu. Bibi alikuwa anaumwa kifua tangu wiki iliyopita. Alikuwa anauliza Hilda yuko wapi, mbona haji. Hilda ni Mama.

Mazishi ni Jumatatu saa sita. Wanamsubiri mjomba atoke Mombasa.

Jumatatu!

Mama alikuwa anachambua kahawa. Aliendelea kuchambua. Nilipotazama, alikuwa anatia nzuri na mbovu kwenye ungo mmoja.

Jumamosi, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Victoria, anayetufundisha Uraia. Nilisimama nje ya ua wake mpaka mbwa akachoka kunibwekea. Alinikaribisha chai, akanieleza vizuri. Mtu aliye kwenye hali ya Mama anaweza kuomba ruhusa kwa maandishi, na akikubaliwa huvukia Holili, kwenye kituo cha mpaka, mbele ya macho ya watu. Lakini ruhusa lazima itangulie. Ofisi inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Nani aliwahi kuandika barua akajibiwa kabla ya saa sita?

Nimerudi nikamkuta Mama ameketi mlangoni na kanga yake nyeusi magotini, imekunjwa.

"Wewe ndiye unayesoma," akasema. "Niambie nifanye nini."

Nikasema sijui. Nilijua. Nilijua sheria inasemaje, na nilijua mimi ningefanya nini, na vitu hivyo viwili havikufanana.

Jumapili, 27 Septemba

Mama amekwenda. Ametoka misa ya kwanza, akajifunga kanga, akawanywesha ng'ombe maji, akaondoka. Bibi Dominika alipomuuliza kama amefikiri, alijibu taratibu tu:

"Serikali itakuwepo Jumanne, mama. Yeye hatakuwepo."

Na nani alimbebea mkungu wa kupeleka msibani? Denis. Alijitwika begani bila kuombwa, akasema balozi habebi mizigo yake mwenyewe. Hakuna aliyecheka, lakini Mama alimshika mkono. Niliwatazama mpaka kanga ikapotelea kwenye mahindi makavu. Atarudi kesho jioni kwa njia ile ile.

Kabla hawajaondoka niliuliza niseme nini ofisini. Lazima mtu aende, la sivyo ataonekana ametoroka. Denis akasema niseme malaria. Yule afisa mwenyewe mtu wa mafua, ataelewa. Mama akasema, sema utakavyoweza. Sijui kama hilo ni jibu.

Baadaye Bibi Dominika akaenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanipa. Kila mtu huku anajua: aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu imemwagika. Nikamwambia afisa ni mtu wa Tabora, ataona jani tu. Akaniuliza sasa mimi shuleni nafundishwa nini kama siwezi kumweleza mtu.

Nilipoiweka isale ndani ya daftari akanishika mkono.

"Hiyo hutolewa na aliyekwisha kulisema kosa lake. Ukisema malaria, iache humo humo."

Jumatatu, 28 Septemba

Niko kwenye benchi la Uhamiaji. Naandika nikingoja zamu. Mbele yangu kuna mzee wa Kihindi mwenye mkoba wa makaratasi, halafu sisi. Halafu mimi.

Huko Taveta sasa hivi wanamwosha Bibi. Mama yuko pale, anashika beseni.

Sentensi ya malaria ni nzuri. Nimeitengeneza tangu Mkuu, ina mwanzo na mwisho. Afisa atasema pole, aje wiki ijayo. Wiki ijayo Baba atakuwepo, na barua ya kata, na labda kila kitu kitakwenda sawa. Ile nyingine inakatika katikati kila nikiijaribu. Nikiisema, anaweza kufunga jalada leo hii, na Mama akabaki upande wa pili wa bikoni, sisi upande huu.

Lakini Mama alipoulizwa alisema kweli. Kila Jumamosi, alisema. Tangu niolewe. Hakutazama chini.

Ameitwa mzee wa Kihindi.

Nimefungua daftari. Isale imeanza kusinyaa ncha, fundo bado limeshika. Ina harufu ya nyumbani.

Mzee ametoka, anatikisa kichwa. Sijui ni kwa ubaya au kwa uzuri. Afisa yuko mlangoni. Mafua yamemwisha. Ameita, "Hilda Leodegar." Amenitambua, anatabasamu, anatazama nyuma yangu, anamtafuta Mama.

Isale nimeshaitoa.