Refuse Mbele ya Baba-Mukwe

Lundi, tarehe 8 Septemba 2025

Neno ya hii juma: refuse. Daniella alinitumia asubui ku WhatsApp. Ni mudogo ya muke yangu Jenny, anasoma Kingereza kule Mulungwishi. Maana yake kukatala. Alisema: shemeji, kukariri tu haiko kitu, tunga maphrase yako. Basi!

The goat refuses the rope. Mbuzi anakatala kamba.
Jenny refused my socks. Kweli kabisa — alizitupa inje!

Haiko muchezo. Ku usine, kiwanda yetu ya shaba, tuko na chef mupya, Muzambia, hasikie Kifaransa. Alitoa sheria: mutu akiona kazi iko na hatari, akamate radio, aseme kwa Kingereza "I refuse", kazi isimame. Hakuna mutu atamufukuza juu ya ile. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka kapita yetu, musimamizi ya timu, ni nani.

Mardi, tarehe 9

Kapita ni muzee Alphonse. Baba ya Jenny. Baba-mukwe yangu! Na sisi hatusemezane uso kwa uso, ni heshima ya kwetu. Ata ku kazi. Leo nilisimama karibu yake na nyundo mu mukono. Anaita: "Eddy, ambia bwana ya mutoto yangu alete nyundo." Eddy, mwenzetu wa timu, ananigeukia: "Rolly, muzee anasema ulete nyundo." Minye najibu: "Eddy, ambia muzee nyundo hii hapa." Eddy maskini! Anasema eko mutafsiri bila mushahara.

His refusal was polite. Refusal ni ile kukatala yenyewe. Ulimi yangu inakwama pale. Niliirudilia mu douche, nikioga, mpaka Jenny akagonga mulango: weye unakatala nani humo?

Jeudi, tarehe 11

Juma ingine tutasafisha tanki ya acide. Kisirani. Mwaka jana Doudou, wa timu ingine, aliingia mu tanki kama ile, hewa haikupimwa kama iko na sumu. Tulimuzika. Muzee Alphonse yeye hapimake hewa. Ananusa ku mulango, anachungulia, basi. Anasema tangu zamani tunafanya vile na tuko hapa. Doudou haiko hapa! Lakini nilisema mu roho tu.

Nobody refused. Hakuna mutu alikatala.

Ile phrase niliandika bila kufikiri. Kisha sikuweza kuandika ingine.

Dimanche, tarehe 14

Kisha misa, kwa bakwe. Muzee alikula bukari, ile ugali yetu, ndani, minye inje, ni vile. Nikamuomba mama-mukwe Gertrude, yeye tunasemezana, apeleke neno yangu: tafazali, tanki ipimwe. Akaingia, akarudi na sahani ya samaki na jibu: mukwe muzuri hamufundishe muzee kazi.

Njiani Jenny akasema: ukimuaibisha baba mbele ya batu, ataniita nirudi kwake na batoto, na ndugu zangu bote batamufwata. Eko naogopa. Minye pia naogopa, mbona nifiche? Ninamupenda huyu mwanamuke. Lakini nataka nirudie nyumbani na miguu yangu, na Eddy pia.

I refuse. You refuse. We refuse. Nilikosea matamko, na Jenny mwenyewe akaanza kunisahihisha! Tukacheka, ata hatukujua juu ya nini.

Mercredi, tarehe 17, ku kazi

Naandika upesi mu telephone. Asubui mashini ya kupima hewa haikuwaka, batri imekufa. Muzee akanusa ku mulango. Akasema: Eddy, vaa mukaba, ingia.

Eddy akavaa ile mukanda ya usalama. Hakuangalia mutu.

Na sasa nani atabeba maneno yangu? Nikakamata radio. "I refuse! Tank. No air test. I refuse!" Sauti ilitoka na nguvu, ata minye nilishituka. Chef akajibu: simamisheni, nakuya. Eddy akavua mukaba, akakaa chini, akafunika uso.

Kwa Kingereza ilipita mbio. Kumbe kukatala yenyewe ilikuwa bado! Muzee akakuya mpaka mbele yangu, bila Eddy, bila mutu katikati. Tangu nilioa mutoto yake hajanisemesha vile. "Rolly. Lete radio. Nitaambia chef ulikosea." Mukono wazi.

"Hapana, baba."

Kwa Kiswahili. Nikimuangalia mu macho. Mungu wangu, nilisema!

Akaenda pembeni, akatoa telephone yake. Nasikia: "Jenny, mutoto yangu, uko fasi gani?" Chef eko napanda ngazi. Eddy bado chini. Mulango ya tanki iko wazi, na minye nimesimama mbele yake, na siondoke mpaka hewa ipimwe.