Mtoto wa Tarehe Thelathini na Mbili

Gesti ya Gongabu,
Kathmandu.
13 Poush 2080

Mpendwa kaka Dhanlal,

Shikamoo kaka. Kichwa changu kiko miguuni pako, hata kama miguu yenyewe iko Doha. Hujambo? Ule mgongo je, bado unakukaza ukishuka jukwaa la ujenzi? Unakula vizuri, au ni mkate tu? Mimi mzima, ila mafua ya baridi ya huku.

Nyumbani wote salama. Nyati wetu wa maziwa kazaa dume, mama kanuna. Mwanao Junkiri kaota meno mawili ya chini. Siku ya kulishwa wali wa kwanza ni mimi niliyeshika simu, ukaona nusu mtandao ukakata. Kwenye ile nusu uliyokosa, aliutema wali wote kwenye sari ya mama.

Naandika kwa sababu kwenye simu maneno yananikwama, unanijua. Gore, yule jirani wa kule juu, anaruka kuja huko keshokutwa, atakuletea barua na achari ya figili.

Nimemaliza semina ya watengenezaji wa tovuti, siku nne. Mwenyekiti wa kata alinipa nafasi kwa sababu ya ule ukurasa niliotengeneza wa chama cha maziwa. Tulikuwa kama sitini. Wote wamesoma chuo, wanaongea Kiingereza hata wakiomba chumvi. Siku ya kwanza sikuongea na mtu kutwa nzima. Mchana nilikula wali wangu na dengu nimegeukia ukuta, nikijifanya nasoma simu. Simu yenyewe ilikuwa imezima.

Kaka, unajua kule kwetu kazi hii naifanya peke yangu. Nikikwama, nimekwama. Nilikuja na hamu moja tu, nipate hata mtu mmoja wa kufanya naye kazi.

Siku ya pili nikampata. Anaitwa Prasiddha, kijana wa Patan, ndiye kiongozi wa kundi letu la watu wanne. Alinivuta bega akasema, "Wewe wa milimani, mbona unakaa kama umekuja kukopa? Sogea huku!" Jioni wakaniita kula momo za nyama, moto kabisa kutoka kwenye mvuke. Wakanitania ninavyopuliza kila moja kama naamsha moto. Nilicheka kaka, mpaka mbavu. Prasiddha akasema hata semina ikiisha kundi halivunjiki, kila mtu atafanya kazi akiwa kwao, na mimi nimo. Siku ile nilitembea mpaka gesti, baridi sikuisikia.

Kazi tuliyopewa ilikuwa fomu ya zahanati. Nesi anaandika jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, halafu mashine inamtumia mama ujumbe siku ya chanjo ikifika. Ikipendeza wanaanza kuitumia kweli mwezi ujao kwenye zahanati kadhaa, na moja ni ya kwetu.

Siku ya tatu nikawa naijaribu. Nikamwandika Junkiri, kazaliwa 32 Jestha. Mashine ikakataa, ikasema tarehe hiyo haipo. Nikarudia mara tatu. Nikajisikia vibaya, kama mtu kaniambia mtoto wetu hajazaliwa. Kumbe wenzangu walichukua kipande cha programu ya tarehe kilichotengenezwa kwa miezi ya wazungu, kinagota thelathini na moja. Na miezi yetu ya Kinepali si unaijua, mwaka huu mwezi una siku thelathini na moja, mwaka kesho thelathini na mbili, mpaka ufungue kalenda ya ukutani ndiyo ujue.

Nikamwambia Prasiddha pembeni. Akajipiga paji la uso. "Lo! Ni kweli, mdogo wangu. Lakini tunaonyesha kesho asubuhi, tukigusa sasa yote yataanguka. Kaa kimya, tutarekebisha baadaye."

Nikakaa kimya. Baadaye yangu na yake nilidhani ni moja.

Jana tukaonyesha kazi mbele ya semina nzima. Watu wakapiga makofi. Kulikuwa na nesi mgeni, dada Tulasa, mama mtu mzima na sweta lake la kijani. Akauliza, "Sasa hii inachukua kila mtoto? Maana kwenye zahanati yangu mama anatembea muda wa saa tano na mtoto mgongoni."

Prasiddha akajibu, "Kila mtoto, dada."

Halafu akanitazama. Kaka, alinitazama ili ninyamaze. Mimi sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema palepale nilipokaa, "Wa tarehe thelathini na mbili haingii."

Dada Tulasa akasema, "Hebu tuone." Wakaandika tarehe hiyo mbele ya ukumbi mzima, kule ukutani kunakoonekana kubwa. Ikakataa. Mtu wa nyuma akacheka, "Sasa hao watoto wasubiri kuzaliwa upya?" Ukumbi wote ukaangua kicheko.

Mwalimu wa semina akasema fomu haiendi zahanati mpaka irekebishwe. Tuzo ya kundi bora wakapewa wengine. Mimi nikaenda dukani nikanunua kalenda za zamani zilizobaki, nikakaa nazo kutwa, naandika mwaka kwa mwaka, mwezi kwa mwezi, una siku ngapi. Wenzangu waliunganisha kila nilichowapa, lakini hakuna aliyenisemesha. Jioni fomu ikaikubali tarehe ile, mwalimu akaichukua. Prasiddha akafunga laptopu akasema tu, "Umeridhika sasa?" Wakaenda kula momo. Sikuitwa.

Leo asubuhi nimeona wamenitoa kwenye kundi la simu.

Nimekaa hapa kitandani najiuliza kama ningemvuta Prasiddha nje kwanza, au ningengoja wageni waondoke. Watoto wa tarehe ile wataandikwa, hilo najua. Lakini yule alikuwa rafiki yangu, kaka, kwa siku mbili. Wewe ndiye baba yake Junkiri, niambie kama nilikosea. Huku sina wa kumuuliza.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Mama anakuombea, shemeji Purnakali anakusalimu sana. Mungu akushike mguu kila unapopanda, na akushushe salama.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Hasta