Msomaji wa Pili wa Baba

Jumamosi, 7 Juni

Maktaba asubuhi, kama kila Jumamosi. Nimerudisha viwili, nimechukua viwili. Kimoja changu, kimoja cha Baba. Nimenawa mikono kabla ya kuvivalisha magazeti. Wenzangu kazini, pale kiwanda cha pamba, hunicheka kwa hilo. Wacheke. Kitabu cha kuazima ni mtoto wa jirani. Anarudi kwao msafi.

Wali umeungua tena. Nilikuwa nasoma jikoni. Nimekula wa juu.

Kesho kijijini Tinde, kwa Baba. Tangu presha ya macho imnyang'anye Baba kuona, mimi ndiye macho yake kila Jumapili. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwenye maandishi ya magunia ya pamba, kabla sijaanza shule. Mdogo wangu Masanja atarithi ng'ombe. Mimi nina hili. Sigawani na mtu.

Jumapili, 8 Juni

Nimefika nyumbani nikasikia sauti inasoma. Nikadhani redio.

Ni Limi, Mama Kabula, mke wa Masanja. Masanja yuko Kharumwa kwenye maduara ya machimbo, anachimba dhahabu, na mkewe ameletwa hapa majuzi, pamoja na binti yao Kabula anayesoma shule ya msingi, amtunze Baba. Apike. Achote maji. Hakuna aliyemtuma kusoma.

Kitabu ni kile nilichokiacha wiki iliyopita. Mjane anawashtaki shemeji zake waliomnyang'anya shamba. Mimi niliishia katikati. Wao wamevuka mbali.

Anasoma kwa kidole. Maneno marefu yanamkwamisha. Halafu anakilaza kitabu mapajani na kumweleza Baba kwa Kisukuma. Shemeji mkubwa amempa sauti ya fisi. Hakimu anakohoa kila mara kabla ya kusema. Baba anacheka mpaka anashika mbavu.

Nikisoma mimi Baba huinamisha kichwa na kunyamaza. Miaka yote nilidhani huko ndiko kusikiliza.

Nimevuta kigoda nipokee zamu. Baba akasema, "Umechoka na safari, mayu, mama yangu. Pumzika. Mama Kabula atasoma."

Sikuwa nimechoka.

Jumatano, 11 Juni

Msimu umeanza, malori ya pamba yamejaa getini. Mapumziko nimefungua kitabu changu. Ukurasa uleule mpaka chai ikapoa.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo, hakuna atakayesoma. Ungekuwa wivu wa mume ningeuelewa. Huu ni wivu kwa mwanamke wa darasa la saba, kwa sababu ya kikohozi cha hakimu.

Nimejaribu kukohoa hivyo mbele ya kioo. Aibu tupu.

Jumapili, 15 Juni

Nilimletea Baba kitabu kipya. Amekipapasa, akakinusa kama zamani, akakiweka kando. "Kwanza tumalize cha mjane."

Tumalize. Yeye na Limi.

Imebaki sura ya mwisho, hukumu. Limi alitaka kuisoma leo, Baba akakataa. "Tuiache kesho, nilale nikiifikiria." Kesho Jumatatu, mimi niko kiwandani. Hakusema tumngoje Nkwimba, mimi bintiye. Halikumjia hata akilini.

Limi alikwenda kusonga ugali. Baba alikuwa anasinzia. Kitabu kilikuwa kwenye mkeka. Nimekichukua nikakitia kwenye mkoba, chini ya michembe ya viazi vitamu aliyonifungia Limi mwenyewe nile mjini. Nikaaga mapema. Sikungoja ugali.

Njia nzima nilikuwa na furaha mbaya. Kitabu kimeazimwa kwa jina langu. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumanne, 17 Juni

Limi amepiga simu.

"Shikamoo, wifi. Kile kitabu cha Baba sikioni. Labda ulikibeba?"

"Marahaba. Sijakibeba. Tafuta vizuri, Kabula asije akakichana."

"Haya, wifi. Nitatafuta."

Kilikuwa mezani mbele yangu.

Jioni nimeisoma hukumu peke yangu. Mjane anashindwa. Anafunga mzigo wake, anaondoka, basi. Mwisho mkavu, wa kweli, ulioandikwa na mtu anayejua kazi yake. Siku nyingine ningekaa nao wiki nzima. Leo haukuwa na ladha. Nilikuwa nasoma kama anayekula mafichoni.

Jumapili, 22 Juni

Nilikwenda nimejiandaa. Kitabu mkobani. Ningesema nimekiona chini ya kitanda cha wageni, halafu nimsomee Baba hukumu mimi.

Kabla sijaketi Baba ananiambia, "Mjane ameshinda!"

Ameshindaje?

Akanihadithia yeye mwenyewe, mikono inaruka. Hakimu alikwenda shambani kwa miguu yake. Akawaambia mashemeji waoneshe mipaka. Kila mmoja akaonesha pake, wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe mbele ya hakimu. Na mjane? Alikuwa anapalilia. Hakimu akakohoa, akampa shamba yeye.

Nilimfuata Limi jikoni. Alikuwa anapuliza moto.

"Ulisoma wapi hayo?"

"Sikuyasoma, wifi. Kila asubuhi ananiuliza, kimeonekana? Nikashika kitabu cha sayansi cha Kabula, nikawa nageuza kurasa."

"Ukabuni."

"Ningefanyaje? Nilikiona kikiingia kwenye mkoba wako."

Aliyajua yote siku ile aliyonipigia. Na hakumwambia Baba. Ningependa kuandika kwamba niliona haya. Niliona, lakini wivu uliitangulia. Mwanamke huyu anasoma kwa kidole na anaweza kutunga. Mimi nimesoma tangu nikiwa mtoto, sijawahi kutunga hata uongo wa maana.

Nikarudi barazani nikatoa kitabu. "Baba, mwisho wenyewe ni huu." Nikausoma wote, kila neno, sawasawa, nikijua ninachokifanya. Limi alisimama mlangoni na mwiko.

Nilipomaliza Baba alikipapasa kitabu. Akageuza uso kuelekea mlangoni, bila kujua yupo kweli au hayupo.

"Mama Kabula. Ule ulikuwa wako?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Baba akaanza kucheka. Polepole, halafu kwa nguvu. "Wako ni mtamu kuliko wa mwenye kitabu!" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Nkwimba, ungemalizaje?"

Nikafungua tena ukurasa wa mwisho. Alingoja, Baba. Kwa upole kabisa. Nikakifunga kitabu.

Alhamisi, 26 Juni

Sijaenda maktaba. Sijafungua kitabu. Nimefua mapazia.

Kitu kimoja kinanisumbua. Limi angeweza kuniumbua kwa neno moja tu, na nilimpa kila sababu.

Jumapili, 29 Juni

Tinde. Upepo, vumbi la barabarani mpaka ndani.

Nimempa Limi kile kitabu kipya, nikampa na gazeti la kukivalisha. Nilimwonesha namna ya kukunja pembe. Alifanya vibaya, nikamwacha.

Baba aliketi kwenye kiti chake. Mimi nilijinyoosha mkekani, mgongo ukiniuma kwa kazi ya wiki. Nikafumba macho. Hakuna aliyenisomea kitu tangu siku za magunia.

Limi alianza. Alikwama, akarudia, akaingia Kisukuma. Kulikuwa na mama mkwe mkali kwenye kitabu, naye akampa sauti ya bata. Nilicheka. Ilinitoka tu.

Baadaye tulisikia Baba anakoroma. Limi akasita.

"Amelala," akasema, akataka kukifunga.

"Endelea, wifi," nikasema.

Akatafuta mstari kwa kidole, akaendelea.